Je, Nijiunge na Jeshi? Swali la Kijana na Jibu la Mchungaji

Kila mara tangazo la nafasi za mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa linapotolewa, vijana kadhaa hufika katika ofisi za sharika zetu. Walio wengi hutaka kuombewa tu, maana uamuzi wamekwisha kuufanya. Baadhi hutaka mchungaji awaandikie barua ya kuthibitisha tabia yao njema. Lakini wako wachache ambao huketi, hunyamaza kitambo, ndipo huuliza: "Baba Mchungaji, hivi ni halali mimi Mkristo niende jeshini?" Mchungaji aliyesoma chuoni hukumbuka mara moja Kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg, naye hujibu kwamba ni halali. Kijana hushukuru, huombewa, na kuondoka.

Makala hii yakusudia kueleza kwa nini jibu hilo, ingawa ni la kweli, halijibu swali lililoletwa. Ungamo latuambia kwamba Mkristo aweza kuwa askari. Halituambii kwamba kijana huyu, mwenye miaka 20, mwana wa mama huyu, mwenye dhamiri hii, yampasa kuwa askari. Baina ya maneno hayo mawili pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndipo huduma ya mchungaji inapotakiwa.

Lango lenyewe

Inafaa kwanza tujue kijana anauliza juu ya lango lipi, maana katika nchi yetu ya Tanzania mambo matatu huchanganywa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 Serikali ilipotaka wahitimu wa elimu ya juu walitumikie kwa lazima, wanafunzi waliandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao wakarudi makwao. Utaratibu wa lazima uliendelea hata uliposimamishwa mwaka 1994, kisha ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa Kidato cha Sita. Hayo ndiyo mafunzo ya mujibu wa sheria. Huchukua muda mfupi, na aliyeyamaliza hurudi kwao akiwa raia kama alivyokwenda.

La pili ni JKT la kujitolea, ambalo kijana huomba mwenyewe na kukaa miaka miwili katika kambi kama Mafinga, Ruvu au Oljoro, akijifunza ukakamavu, kilimo, ujenzi na ufundi. La tatu ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania lenyewe, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo kulivunja lile la kale tulilorithi kwa Waingereza. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuingia JWTZ imekuwa kupitia JKT, na kwa sababu hiyo kijana akisema "naenda jeshi" hajui sikuzote kama anakwenda kulima mahindi miaka miwili au kubeba silaha hadi kustaafu. Mchungaji amsaidie kutenganisha mambo hayo kabla ya kufungua Biblia.

Jambo moja lapasa kukaziwa. Hakuna raia wa Tanzania anayeandikishwa katika JWTZ kwa nguvu. Aingiaye huingia kwa hiari, naye huapa. Swali letu basi si lile la kijana Mjerumani wa mwaka 1914 aliyeitwa kwa barua ya Serikali, wala lile la babu zetu waliochukuliwa na Waingereza kwenda vitani mwaka 1939 hadi 1945, wengine kwa kupenda na wengine kwa amri ya chifu. Aliyelazimishwa huuliza, "Nitii au nikatae?" Kijana wetu huuliza, "Nijitoe?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na makosa mengi ya ushauri wetu hutokana na kulijibu la kwanza tulipoulizwa la pili.

Askari wa Maandiko

Tunapofundisha habari hizi huwa tunawapanga askari wa Agano Jipya kwa safu. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakauliza la kufanya, naye hakuwaamuru kuacha kazi, aliwakataza kudhulumu watu na kusingizia, akawataka watosheke na mshahara wao (Lk. 3:14). Akida wa Kapernaumu alisifiwa na Bwana kwa imani ambayo haikuonekana hata katika Israeli (Lk. 7:1–10). Kornelio akida alipokea Roho Mtakatifu na ubatizo, wala hatusomi kwamba alivua upanga (Mdo. 10). Hoja ni nzuri, na Wanamatengenezo waliitumia. Lakini tuangalie kwa makini: watu hao wote walikuwa wamekwisha kuwa askari Injili ilipowakuta. Hatuna hata mmoja katika Agano Jipya aliyekuja kwa Yesu au kwa mitume akisema, "Mimi si askari bado, je, niwe?"

Kanisa la kale liliona tofauti hiyo mapema, na walioiona kwa ukali zaidi walikuwa Waafrika. Tertuliano wa Karthago, akiandika mwanzoni mwa karne ya 3 juu ya askari mmoja aliyekataa kuvaa taji la maua, anasema wazi kwamba hali ya mtu ambaye imani ilimkuta jeshini ni tofauti na hali ya yule aliyeamini kwanza akaingia jeshini baadaye. Maagizo ya kale yaitwayo Mapokeo ya Mitume, ambayo kwa desturi huhusishwa na Hippolito wa Roma, yanafuata njia iyo hiyo: askari anayetaka kubatizwa afundishwe asiue hata akiamriwa, bali mkatekumeni au mwamini anayetaka kwenda kuwa askari akataliwe.

Miaka ya baadaye, tarehe 12 Machi 295, kijana mmoja aitwaye Maximiliano aliletwa mbele ya liwali Dioni huko Tebessa, katika nchi tuiitayo leo Algeria, apimwe kimo na kuandikishwa. Alikuwa na umri wa miaka 21, na baba yake alisimama pale pale. Alikataa. Liwali alimkumbusha kwamba wako Wakristo katika walinzi wa wafalme wenyewe, nao wanatumika. Maximiliano alijibu kwa maana hii, kwamba wao wanajua linalowafaa, lakini yeye hawezi. Akauawa siku hiyo. Mimi hulipenda jibu lake kwa sababu moja: hakuwahukumu ndugu zake waliovaa mkanda wa kijeshi. Alijua swali lililokuwa mbele yake lilikuwa lake yeye.

Sisi Walutheri hatufuati katazo la Hippolito, nami sishauri tulifuate. Hata hivyo yatupasa tukiri kwamba akina Tertuliano waliuliza swali ambalo sisi tumelipita haraka.

Luther na Assa von Kram

Mwaka 1526 Luther aliandika kitabu kidogo kinachouliza kama maaskari nao waweza kuwa katika hali ya wokovu. Alikiandika kwa ajili ya Assa von Kram, ofisa wa vita, aliyekuwa amezungumza naye Wittenberg mwaka uliotangulia. Mwaka huo, 1525, ulikuwa mwaka wa vita vya wakulima, ambamo maelfu waliuawa, na dhamiri za wengi waliotumia upanga hazikuwa na raha. Von Kram, kama Kornelio, alikuwa askari tayari.

Luther anaanza kwa kutofautisha kazi na mtu aifanyaye. Kazi yaweza kuwa njema na mtu mwovu, kama vile uhakimu ni mwema ingawa yuko hakimu mla rushwa. Upanga umewekwa na Mungu kwa ajili ya kuzuia uovu na kulinda amani (Rum. 13:1–7). Analinganisha vita na kazi ya tabibu anayelazimika kukata mkono au mguu ili mwili wote upone: mtu akitazama mkono ukikatwa ataona ukatili, akitazama mwili mzima ataona rehema. Alikuwa amekwisha kueleza msingi wake mwaka 1523 katika kitabu chake juu ya mamlaka ya dunia. Humo anasema kwamba Mkristo kwa ajili ya nafsi yake hana haja ya upanga, maana yeye huyashika maneno ya Bwana juu ya kugeuza shavu la pili (Mt. 5:38–48), huushika upanga kwa ajili ya jirani tu, aliye dhaifu na anayeonewa. Hilo ndilo kiini cha mafundisho yetu. Upendo kwa jirani ndio pekee unaoweza kuweka silaha mikononi mwa mtu aliyebatizwa.

Miaka minne baadaye Ungamo la Augsburg likaweka jambo hilo katika Kifungu cha 16, pamoja na kuapa, kumiliki mali na kuoa: Wakristo waweza kupigana vita vya haki na kutumika kama askari bila dhambi. Wanafunzi wengi hukariri sehemu hiyo wakaishia hapo. Kifungu chenyewe kinamalizika kwa Mdo. 5:29, kwamba mamlaka itiiwe isipokuwa inapoamuru kutenda dhambi.

Katika kitabu cha 1526 Luther anaieleza sehemu hiyo ya mwisho kwa uwazi mkubwa. Anasema anayeanzisha vita ana makosa, na vita iliyo halali ni ile ya kujitetea ambayo mtu amelazimishwa. Kisha anakuja kwa askari wa kawaida. Je, iwapo bwana wangu hana haki katika vita hii? Ukijua hakika kwamba hana haki, asema Luther, mche Mungu kuliko wanadamu, usiende. Je, akininyang'anya shamba na cheo? Hapana budi kujihatarisha, na Mungu atakulipa. Je, nisipojua kama ana haki au hana? Hapo usiuache utii ulio wazi kwa sababu ya shaka isiyo na hakika. Mdhanie mema, uende kwa dhamiri njema.

Sasa hapa ndipo penye fundo, nami naomba ndugu wachungaji tulitafakari. Ushauri wa Luther unadhani kwamba kila vita ina lango lake. Askari wa kulipwa wa siku zile walikodiwa kwa vita moja, kwa miezi kadhaa, kisha wakaachishwa. Mtu mwenye cheo kama von Kram aliitwa na bwana wake vita ilipotokea, naye kila alipoitwa alipata nafasi ya kujiuliza: hii ni ya haki? Kijana wetu hana nafasi hiyo. Huapa mara moja, na tangu siku ile wengine ndio wanaoamua atakwenda wapi na lini. Baada ya kiapo, kuacha kikosi kwa sababu ya dhamiri ni kosa la kijeshi lenye adhabu. Mizigo yote ambayo Luther aliigawanya katika vita moja moja imekusanywa katika lango moja, la siku ya kuandikishwa.

Mfano wa nyumbani utatuonyesha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba ni nchi yake. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, makanisa yakaharibiwa, katika eneo ambalo Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa wakati huo Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mchungaji wake mkuu. Sidhani kuna mwanafunzi wa Luther atakayesema kwamba kuwafukuza wavamizi hao haikuwa vita ya lazima. Lakini mapema mwaka 1979 ardhi yetu ilikuwa imekombolewa, na vita ikaendelea ng'ambo ya mpaka hata Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Je, kuendelea kule kulikuwa bado kujitetea? Wako waliosema ndiyo, maana adui angerudi, na Waganda walikuwa wanachinjwa na mtawala wao. Wako waliosema hapana. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia Julai 1979 viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania. Mimi naelekea upande wa wale waliosema ndiyo, lakini hilo si neno langu hapa. Neno langu ni kwamba askari aliyekuwa Mutukula hakuulizwa mara ya pili. Alikwisha kujibu siku alipoapa.

Ndivyo ilivyo leo. Kwa Azimio namba 2098 la Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha kushambulia makundi yenye silaha mashariki ya Kongo, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Julai mwaka huo huo walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakafa. Wengi wa vijana hao, walipojaza fomu, huenda hawakuwa na mawazo ya Darfur wala Kivu. Kijana anayeketi ofisini mwetu aambiwe majina hayo ya mahali. Bwana mwenyewe alitoa mfano wa mfalme aketiye kwanza afanye shauri kabla ya kwenda kupigana (Lk. 14:31).

Torati nayo ilikuwa na hekima ya pekee juu ya jambo hili. Kabla ya vita maofisa waliagizwa wawaulize watu: aliyejenga nyumba mpya, aliyepanda shamba la mizabibu, aliyeposa mke, na yule ambaye moyo wake una hofu, warudi nyumbani (Kum. 20:5–8). Mwoga hakuaibishwa wala kupigwa, aliruhusiwa. Jeshi la siku hizi haliwezi kuuliza hivyo mbele ya adui, nami silaumu. Basi waulizaji waliobaki ni wazazi na mchungaji, tena mapema.

Amri ambayo haitaondoa hatia

Wako wanaodhani kwamba askari akiisha kuapa dhamiri yake imehamia kwa mkubwa wake. Luther alikana jambo hilo, na hata sheria za dunia zimelikana. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufunga kazi mwisho wa 2015, ilikaa mjini Arusha, mwendo mfupi kutoka madarasa ambamo wachungaji wetu wengi wamesomea. Sheria iliyoiunda ilisema kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia. Kwaweza tu kumpunguzia adhabu. Waliohukumiwa pale walikuwamo maofisa wa jeshi, na walikuwamo pia wachungaji na mapadre. Nchi ile ilikuwa ya Wakristo kwa sehemu kubwa sana. Naliandika hilo ili tusidhani kwamba kutoa kipaimara kunatosha kumwandaa mtu kukataa.

Kwa hiyo swali moja lapaswa kuulizwa kila kijana, hata kama anaonekana kulishangaa: "Mwanangu, ni kitu gani ambacho hutafanya hata ukiamriwa?" Asiyeweza kutaja hata kimoja hajawa tayari. Mateka aliyesalimu amri, mwanamke wa kijiji kilichotekwa, raia asiye na silaha katika mtaa wa mji wake mwenyewe: askari wa nchi yoyote aweza siku moja kusimama mbele yao. Kijana akisema, "Sitamgusa huyo," jibu hilo liandikwe moyoni mwake akiwa bado amevaa nguo za nyumbani, maana kule hakuna muda wa kulitafuta.

Wako pia vijana ambao, wakiulizwa hivyo, hukuta kwamba hawawezi kuua kabisa, hata kwa haki. Tusiwabeze. Kifungu cha 16 kiliwalaani Waanabaptisti waliokataza Wakristo kushika upanga, na laana hiyo iliandamana na mateso na mauaji. Julai 2010, katika mkutano wake mkuu huko Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu Wamenoniti kwa mambo hayo. Kwetu Wamenoniti si watu wa kusoma vitabuni. Wako Shirati tangu 1934, na mkoani Mara wanajulikana kwa hospitali na shule zao. Ungamo letu linasema Mkristo aweza kuwa askari. Halikusema ni lazima awe, na Mlutheri ambaye dhamiri yake inamzuia kushika silaha hajaliacha Ungamo. Amechagua wito mwingine wa kumtumikia jirani.

Ajira, na uongo wa mlangoni

Sasa tuseme wazi lile ambalo kila mchungaji analijua. Vijana walio wengi hawaendi jeshini kwa kusoma Luther wala kwa kuipenda bendera. Wanatafuta kazi. Kijana amemaliza Kidato cha Nne, ameendesha bodaboda ya mtu miaka miwili, mama yake anauza mboga, wadogo zake wanadaiwa michango ya shule. Wahubiri wengine humkemea kijana huyo kana kwamba tamaa ya mshahara ni dhambi. Luther hakusema hivyo. Alisema mtenda kazi astahili ujira wake, na askari ni mtenda kazi. Kinachohukumiwa ni uchoyo, yaani mtu kuipenda vita kwa sababu ya faida. Kumtunza mama ni amri ya nne.

Lakini mchungaji amweleze ukweli. JKT lenyewe limekuwa likirudia katika matangazo yake kwamba mafunzo ya kujitolea si ajira na hayatoi ahadi ya ajira. Wengi hurudi baada ya miaka miwili. Kijana aliyekwenda kwa ajili ya mshahara peke yake hurudi akiwa na uchungu, na wakati mwingine hulikwepa kanisa lililomwombea "apate". Aulizwe mapema: ukirudishwa, utafanya nini? Kama kambini alijifunza uashi au ufugaji na anakusudia kuutumia, miaka yake haikupotea.

Wako pia wazazi wanaowapeleka vijana wakorofi ili jeshi liwatie adabu. Jeshi si jando, wala si mahali pa kumalizia malezi yaliyowashinda wazazi. Silaha mikononi mwa kijana asiyeweza kutawala hasira yake ni hatari kwake na kwa wengine, na mchungaji anayeijua familia hiyo asinyamaze.

Kisha kuna uongo. Kwa kawaida anayeandikishwa hutakiwa awe hajaoa wala kuolewa, awe na vyeti vyake halisi na umri usiozidi kiwango. Kwa ajili hiyo kijana huficha mchumba aliyezaa naye, hubadili mwaka wa kuzaliwa, huazima cheti cha ndugu yake na kulitwaa jina lake. Wengine huuza ng'ombe wa familia wakampa mtu anayejidai ana jamaa makao makuu, ingawa viongozi wa jeshi wameonya mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Wako wachungaji wanaoombwa barua huku wakijua mambo hayo, nao huandika kwa kuona huruma. Hapo maneno ya Yohana Mbatizaji kwa askari yanatuhusu sisi pia. Aliwataka watosheke na mshahara wao. Aliyenunua nafasi yake kwa ng'ombe watatu atatafuta kurudisha ng'ombe wake, na atakayelipa ni mwananchi atakayesimama mbele ya bunduki yake. Tena yule binti aliyeachwa na mtoto ni jirani wa kwanza ambaye askari huyo alipaswa kumlinda. Mchungaji amwambie kijana bila kuogopa: litengeneze kwanza hilo, au usiombe barua.

Kazi ya mchungaji baada ya uamuzi

Uamuzi wenyewe ni wa kijana. Mchungaji asimwamulie. Mwaka 1943 mkulima mmoja wa Austria, Franz Jägerstätter, Mkatoliki, aliuawa kwa kukataa kupigana katika jeshi la Hitler. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kwa mapadre na hata kwa askofu wake, na shauri alilopewa lilikuwa kwamba kupima haki ya vita si kazi ya mtu kama yeye, aangalie familia yake. Walimpenda, wala hawakutaka afe. Hata hivyo mkulima yule aliona alichopaswa kukiona, na mwaka 2007 kanisa lake likamtangaza mwenye heri. Sisi tunaoshauri tukumbuke kwamba twaweza kuwa na elimu zaidi ya anayeuliza na bado tukaona kidogo kuliko yeye.

Akiamua kwenda, kijana wa kiume au wa kike, apelekwe na ushirika kama anavyopelekwa mwinjilisti: aombewe ibadani kwa jina, apewe Katekisimo Ndogo ya kuweka mfukoni, na mchungaji wa usharika ulio karibu na kambi aandikiwe. Luther alimwelekeza askari aseme Imani na Baba Yetu kabla ya mapigano, na kuikabidhi roho yake mikononi mwa Kristo bila kutegemea hirizi. Hirizi bado zipo.

Na wanaporudi? Basili wa Kaisaria katika karne ya 4 hakuwahesabu waliopigana vitani kuwa wauaji. Lakini alishauri kwamba, kwa kuwa mikono yao si safi, wakae miaka mitatu bila kushiriki Meza ya Bwana. Hatuwezi kulifuata shauri hilo, kwa maana damu ya Kristo haingoji miaka mitatu. Lakini Basili alijua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba hata aliyeua kwa haki hurudi na kitu rohoni. Ungamo letu katika Kifungu cha 11 limehifadhi ungamo la faragha na ondoleo la dhambi, nasi tumeliacha livunde kabatini. Katika sharika nyingi wamo wazee waliovuka Mutukula mwaka 1979, sasa wana miaka 65 na zaidi, ambao hawajawahi kuulizwa na mchungaji yeyote waliyoyaona. Wengine hawalali vizuri mpaka leo, na wake zao ndio wanaojua.

Wazee hao ndio ningependa kijana akutanishwe nao kabla ya kujaza fomu. Mchungaji amwombe mmoja wao, kwa heshima na kwa siri, aketi na kijana huyo jioni moja. Asiagizwe la kusema. Wako watakaomwambia nenda, na wako watakaomwambia usiende. Na mara nyingine mzee akiisha kusimulia, ndiye atakayebaki ofisini akitaka kuzungumza na mchungaji, hapo kijana amekwisha kwenda zake.